Ngoma Tuliyoikalia

Naitwa Nasambu, lakini hapa mtaani Umoja hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Mama Wafula, mwenye kibanda cha chai nyuma ya soko la Mutindwa, na kibanda changu ndicho makao ya tawi la mashabiki wa Isindu. Isindu ni kwale, yule ndege mdogo wa kwetu magharibi anayepigana mpaka manyoya yaishe. Klabu ilipewa jina hilo na wazee wa reli, na kuna wakati timu zingine zikisikia Isindu inakuja, wachezaji wao walianza kuumwa na tumbo tangu Ijumaa. Sisemi hivyo kujigamba. Haya, najigamba, kwani kuna shida?

Siku hizi tunafungwa na kila mtu. Msimu huu tulikokota mkia kuanzia mwanzo, na sasa ilikuwa imebaki mechi moja, Jumapili, pale City Stadium. Tukishinda, tunabaki ligi kuu. Tukikosa, tunashuka daraja kwa mara ya kwanza tangu klabu izaliwe.

Na kipa wa Isindu ni mwanangu Wafula.

Jumapili iliyotangulia, dakika za mwisho kabisa, mpira mwepesi ulikuja mikononi mwake, akaudaka, ukamponyoka, ukaingia. Tukapoteza. Kabla sijafika nyumbani, ile video ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu wote. Kuna mtu asiye na kazi aliyechukua kichwa cha mwanangu akakibandika kwenye mwili wa kwale anayetaga yai langoni. Watu wakacheka. Wafula akajifungia chumbani. Hakula, hakwenda mazoezini, na Ijumaa akaniambia kupitia mlangoni, "Mama, Jumapili siendi. Wamtafute mwingine." Nilijua kwamba akikosa mechi hiyo hatasimama tena langoni maisha yake yote. Namjua. Nimemzaa mimi.

Sikumwambia mtu yeyote. Jumamosi nikafungua kibanda, nikakanda unga, nikachemsha chai.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Phares Mulama, mwenyekiti wa tawi letu, aliyestaafu reli zamani. Akaketi mahali pake pa siku zote, pale kwenye kona, juu ya lile gunia. Akafuata Opicho, anayefanya kazi kiwanda cha sabuni kule Industrial Area na ambaye mdomo wake haujui likizo. Mwisho akaingia Owiti, kinyozi wa mlango wa pili. Owiti si wetu. Yeye ni wa ile timu nyingine, mnaijua, lakini chai yangu anaipenda kuliko msimamo wake.

"Poleni na msiba," akasema Owiti hata kabla hajapata kikombe. "Kwetu huyu ndege wenu tunamwita aluru, na tunamla na ugali. Kesho mtaliwa."

"Wewe nyamaza," Opicho akamjibu. "Sisi tulipokuwa tukichukua vikombe, baba yako alikuwa anasikiliza kwa redio ya jirani."

"Vikombe viko wapi sasa?"

Hapo mjadala ukawaka. Opicho akasema tatizo ni viongozi, wameifanya klabu shamba lao, wanauza wachezaji wazuri na kuleta shemeji zao. Mzee Mulama akasema hapana, tatizo ni makocha, leo huyu, kesho yule, kila mmoja anakuja na mfumo wake, vijana hawajui wakimbie wapi. Owiti akasema tatizo ni uzee, klabu nayo huzeeka kama mtu. Opicho akasema tatizo ni ule wakati uwanja ulipofungwa tukahamishiwa Machakos, hapo ndipo watu walipovunjika moyo. Mzee akasema kama ni moyo, basi hawa vijana wa siku hizi hawana, wanaweka nywele dawa. Opicho akasema na hizi jezi mpya, rangi ya kijani gani ile, inafanana na mboga iliyolala.

Mimi nikaendelea kukaanga mandazi. Huu wimbo nimeusikia misimu mitano. Wanakuja, wanaketi, wanatafuta mchawi, chai inaisha, wanakwenda zao kwa Shire mwenye televisheni kubwa kuangalia timu za Uingereza. Jumapili ikifika, Isindu inacheza mbele ya viti vitupu.

Kisha Opicho akashusha sauti. "Mathe, usikasirike. Lakini ukweli lazima usemwe."

"Sema."

"Kesho Wafula asicheze. Mwambie aseme anaumwa. Kijana amepatwa na hofu, mikono imekuwa sabuni. Sisi kama tawi hatuna ubaya naye, lakini akisimama langoni, watu hawatakuja. Si ndiyo, Mwenyekiti?"

Mzee Mulama akatazama kikombe chake. "Ni kwa faida yake pia, Mama Wafula."

Jameni.  Hawa watu walimwona mwanangu akitambaa katika kibanda hiki hiki. Na walichokuwa wakiniomba ndicho alichokuwa ameshakiamua yeye mwenyewe kule chumbani, kwa aibu. Ningeweza kusema tu sawa, na mambo yakaisha.

"Mzee," nikasema, "inuka."

"Eti?"

"Inuka hapo ulipoketi. Kwa heshima nakuomba, kabla sijakuomba bila heshima."

Akainuka. Nikatoa gunia. Chini yake palikuwa na ngoma. Isukuti yenyewe, ile kubwa tunayoita mama, iliyotangulia mbele ya mashabiki wa Isindu tangu siku za wazee wa reli. Ngozi ilikuwa imebonyea katikati, ina madoa ya mviringo ya vikombe vya chai, na pembeni imeota ukungu. Hata mimi nilishtuka. Nilikuwa nimeona gunia muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa naliita kiti.

"Mnatafuta nini kimeua Isindu?" nikawauliza. "Viongozi, makocha, nywele! Misimu mitano mmeketi juu ya ngoma ya timu mkiuliza kwa nini timu haisikiki!"

Owiti akainama kuitazama ile ngozi.

Lazima nieleze kitu hapa. Tawi letu lilikuwa na desturi yake. Mchezaji wa Isindu anayeishi mtaani kwetu hakuwa akienda uwanjani peke yake. Asubuhi ya mechi tulimfuata mlangoni kwake na isukuti, mama na mtoto, ngoma mbili. Alikaa ndani akisubiri. Ngoma ikimwita kwa jina, mama yake anafungua mlango, naye anatoka, na mtaa mzima unamsindikiza. Desturi hiyo tuliiita kumtoa. Wafula akiwa mdogo alifuata misafara hiyo bila viatu, akiota siku yake. Siku yake ilipofika, akasajiliwa, sisi tulikuwa tumeshachoka. Mwanangu hajawahi kutolewa. Amekuwa akitoka nyumbani peke yake na begi mgongoni, kama mtu anayekwenda kutafuta kibarua.

"Kesho mtakuja kumtoa Wafula," nikasema.

Mzee Mulama akajikuna kidevu. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji wetu mkuu. "Mama Wafula, ngoma ni heshima. Tutampigia mtu ngoma kwa kuachilia mpira? Tutachekwa hadi Dandora."

"Ngoma tulikuwa tunapiga saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na mechi ilikuwa saa ngapi?"

"Alasiri."

"Basi ni lini tulimpigia mtu kwa sababu ameshinda? Tulipiga kabla! Hakuna aliyejua matokeo! Tulipiga kwa sababu ni wetu. Leo mnataka kuona matokeo kwanza ndipo mjue kama mtoto ni wenu? Msipokuja, nitapiga mwenyewe."

 Opicho akasema polepole kwamba hata hivyo mwanamke hapigi isukuti. Nikamwambia atoke kibandani mwangu, na alichobakisha kwenye kikombe nikakimwaga akiona. Mzee akachukua kofia yake akamfuata. Owiti akabaki amesimama, akaniambia, "Aki mama, leo umewanyoa bila maji," halafu naye akaondoka. Jioni nikaibeba ngoma nyumbani.

Jumapili niliamka mapema. Majirani walikuwa wakipita na Biblia zao kwenda kanisani. Mungu alijua mimi niko wapi. Niliwasha jiko nje ya mlango, nikafuta ukungu wa ngoma kwa kitambaa, nikaikaribisha ngozi kwenye joto na kuizungusha taratibu, kama nilivyowaona wanaume wakifanya. Ngozi ikaanza kujivuta. Lile bonde katikati likapanda kidogo kidogo. Nikaigonga kwa kidole, ikajibu.

Nikaifunga mkanda begani, nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, nikapiga.

Nilipiga vibaya, siwezi kudanganya. Ndinda, jirani yangu wa juu, alitoa kichwa dirishani akauliza kama kuna mtu amekufa. Watoto wakakusanyika. Simu zikatolewa. Nikasema moyoni, rekodini basi, mlirekodi ile nyingine.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Wafula kutoka ndani. "Mama, wacha! Unatuaibisha!"

"Nani kaaibika? Mimi sijaaibika. Vaa!"

"Nimesema siendi!"

"Na mimi nimesema nitapiga mpaka ngozi ipasuke. Tuone nani atachoka kwanza!"

Nikapiga. Mikono iliwaka moto, machozi yakaanza kunitoka, na hayakuwa ya huzuni, yalikuwa ya hasira. Mlango ukabaki umefungwa. Nilianza kuogopa kwamba huenda kweli hatatoka, na kwamba nimemwongezea aibu juu ya aibu.

"Unatwanga, mama. Hiyo si ngoma, hiyo ni mahindi." Alikuwa Owiti, na aproni yake ya kinyozi. Akashika ngoma upande wa chini, akaninyanyulia uzito. "Mimi si wenu, na nawaombea mshuke. Lakini piga."

Halafu watoto wakapisha njia. Mzee Phares Mulama alikuwa akija, amevaa koti lake la kijani la zamani, na kwapani amebeba ile ngoma ndogo, mtoto. Nilikuwa nimesahau kwamba ilibaki kwake. Ngozi yake ilikuwa na vishimo vinne vidogo, vimejipanga mraba.

"Ni miguu ya televisheni," akasema kabla sijauliza, wala hakunitazama machoni. "Nilipofika nyumbani jana niliketi kuangalia mpira, nikaona televisheni imekalia nini. Sikulala vizuri. Nipe hiyo kubwa. Wewe chukua mtoto, upige mfululizo, usipunguze."

Hakusema samahani na mimi sikuidai. Alipopiga, Bwana wee, Umoja ilisikia! Milango ikafunguka. Kina mama waliokuwa njiani kwenda kanisani wakageuka, vitambaa vikapeperushwa. Opicho akatokea pembeni, amevaa jezi ile ile aliyoitukana, akaanza kuimba kwa sauti yake ya kukwaruza kabla mtu hajamruhusu. Na Mzee akaita, kama zamani, "Wafula! Mwana wefwe! Mtoto wetu! Toka tukuone!"

Nikaacha kupiga kwa sababu kufungua mlango ni kazi ya mama. Wafula alikuwa amesimama nyuma ya mlango, karibu kabisa, begi mgongoni na glavu tayari mikononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Na nikifungwa tena?" akaninong'oneza.

"Jumapili nyingine tutakuja tena. Toka, watu wanakungoja."

Akatoka.

Mnaotaka matokeo nitawapa, sina cha kuficha. Tulitoka sare ya bila kwa bila, na sare haikutosha. Tulishuka daraja. Mwanangu alidaka kila kilichokuja, na mwisho wa mechi alilala chali uwanjani akilia mbele ya watu wote, nasi tukapiga ngoma pale pale mpaka askari wa uwanja wakatuomba twende nyumbani. Owiti alicheka wiki nzima. Mwache acheke.

Sasa tunacheza viwanja vya vumbi na timu ambazo hata majina yao siyajui. Asubuhi ya mechi Wafula huvaa glavu zake, akaketi kitandani na mlango umefungwa, akisubiri. Hatoki mpaka aitwe, na hajawahi kusubiri bure.

Na kibandani kwangu mjadala haujaisha. Juzi Opicho aliingia na hoja mpya kuhusu viongozi, akaenda moja kwa moja kwenye ile kona, akatafuta mahali pa kuketi. Hakuna. Gunia nimelitupa, na ngoma iko karibu na jiko, inapata joto.

"Mathe, tutakaa wapi?"

Nikamwambia hapa chai ipo, mandazi yapo, na maneno ni bure. Lakini anayetaka kujadili kwa nini Isindu ilianguka, atajadili akiwa amesimama.