Msahafu wa Kuapia

Nyumba ya Hajira ilichomwa moto saa nne asubuhi, mwanawe akiwa ndani. Ilikuwa mwaka 1974, wakati wa operesheni, watu wa vitongoji vya Misima walipohamishwa kwa malori kwenda kijiji kipya cha ujamaa palepale Misima. Waliochelewa kutoka walichomewa nyumba. Hajira alikuwa shambani, aking'oa muhogo wa kwenda nao. Mwaija, wa miaka minne, alikuwa amelala na homa. Hajira aliporudi, paa lilikuwa limeshaanguka.

Aliyewasha moto ni Sadala, kiongozi wa mgambo. Hakukana. Alisema aliingia kwanza, akatazama vyumba vyote viwili, nyumba ilikuwa tupu. Mtoto lazima aliingia baadaye. Wakubwa wakaandika kuwa ni ajali. Hajira alikataa, na shahidi hakuwepo. Basi wazee wakakata shauri: Sadala aape kwa msahafu wa Mzee Mwinjuma, ulioandikwa kwa mkono na babu yake. Kule mtu anaweza kumdanganya hakimu mchana kweupe, lakini msahafu ule waliuogopa. Wawili walioapa uongo juu yake, watu husema, walizikwa kabla ya mavuno.

Msahafu wenyewe ulikuwa umeharibika katika kuhamahama. Uzi ulikatika, karatasi zikaachana. Mzee Mwinjuma akasema hamwapishi mtu kwa kitabu pungufu. Lazima kiwe kizima. Sadala akajitolea.

"Nitaupeleka mwenyewe Korogwe, kwa Bi Tatu."

Bi Tatu ni mimi. Kazi ya kujalidi vitabu nilifundishwa na baba, naye alifundishwa Pangani enzi za Wajerumani. Habari za mtoto wa Hajira zilinifikia kabla ya kitabu.

Sadala aliuleta Jumatatu, umefungwa kwa kanga. Alinisalimu vizuri, shikamoo kwa sauti, akaniambia ataurudia Alhamisi. Nilitia udhu, nikatandika kitambaa, nikaanza kuzipanga karatasi.

Misahafu ya zamani haina namba za kurasa. Mwandishi akimaliza karatasi, chini kabisa, kwenye kona, huandika neno la kwanza la karatasi inayofuata. Mjalidi hufuata hayo maneno: neno la chini likilingana na la juu, unaendelea. Nilifuata hivyo hadi adhuhuri. Kisha nikafika mahali ambapo neno halikulingana.

Nilitafuta kwenye kanga, chini ya meza, kila mahali. Hakuna. Nikatazama mkunjo. Karatasi iliyochakaa huchanika na kuacha nyuzinyuzi. Hii ilikatwa kwa wembe, mstari umenyooka, na jeraha lake lilikuwa jeupe wakati kurasa nyingine zote zimekuwa rangi ya chai. Ilikatwa siku hiyo au jana yake.

Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Mwenye kuapa kweli hahitaji kitabu kipungue.

Sadala hakungoja Alhamisi. Alirudi Jumanne mchana, akafunga mlango nyuma yake.

"Umefika wapi, mama?"

Hapo nilikosea. Hasira ilinipanda, nikamjibu. "Nimefika penye wembe wako."

Alinipiga kofi nikaanguka juu ya chungu cha gundi. Gundi ya muhogo, ya moto, ilinimwagikia shingoni. Akanivuta kwa nywele mpaka kwenye shinikizo, zile mbao mbili nene zenye skrubu za kubania vitabu, akauingiza mkono wangu wa kulia katikati, akaanza kukaza.

"Utaushona ulivyo."

Nilijaribu kuuchomoa mkono. Akazungusha tena. Kidole cha kati kilivunjika kwanza. Nilikisikia kabla ya kuhisi maumivu.

"Sema."

"Nitaushona."

"Na mdomo?"

Akazungusha mara nyingine. Kidole cha pete nacho kikaenda. Nilipiga kelele, nikamwambia nitashona mdomo pia. Akacheka.

"Ndiyo maana nawapenda wajalidi," akasema, akalegeza skrubu. "Wanaelewa haraka."

Alipoondoka nilifunga vidole kwa kijiti na kitambaa, nikatapika uani, nikarudi mezani. Mume wangu, aliyekuwa kiwandani kwenye shamba la mkonge la Ngombezi, aliporudi alitaka kuchukua panga. Nikamwambia akae, anishikie karatasi.

Nilishona kwa mkono wa kushoto, siku mbili. Uzi wa pamba uliopakwa nta, kamba tatu za katani mgongoni, sindano ikiingia kwenye mkunjo na kutoka. Nilipofika penye pengo niliweka karatasi mpya, tupu. Ndivyo baba alivyonifundisha: kisichokuwepo, acha nafasi yake ionekane, mwandishi aje aijaze. Kisha nikakata kingo, nikazipaka maji ya chai zote, ule weupe usionekane kitabu kikifungwa. Hilo baba hakunifundisha.

Alhamisi Sadala alipapasa ngozi ya jalada, akautingisha. Hakuufungua. Nadhani alikuwa anauogopa hata hivyo.

"Kazi nzuri. Pole na mkono."

Ijumaa nilipanda lori la mahindi hadi Misima. Watu walikuwa wametoka msikitini, wamekaa duara mbele ya ofisi ya kijiji. Hajira alikuwa mbele, ameinama. Sadala aliponiona macho yalimtoka.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Kazi yangu."

Mzee Mwinjuma aliuweka msahafu juu ya viganja vya Sadala. Sadala akafungua mdomo.

"Mzee," nikasema, "kabla hajaapa, funua. Kuna karatasi nyeupe."

"Mwanamke huyu ni mwehu!"

Mzee aliuchukua, akafunua taratibu mpaka akaikuta. Akasoma neno la chini la karatasi iliyotangulia, akageuza, akakuta utupu. Anaijua Kurani yote kwa moyo; midomo yake iliendelea na yaliyokosekana. Kisha akauliza, "Aliyekuwa na kitabu ni nani?"

Nikafungua kitambaa, nikainua mkono. "Yuleyule aliyenivunja hivi ili nisiseme."

Sadala alichomoa rungu, akampiga Mzee begani. Hilo ndilo lililommaliza. Watu walimwangukia kama paa. Nilisikia mbavu, nikasikia meno. Hajira alipita katikati yao na jiwe la kusagia, wakampisha.

"Ulitazama?" Akampiga gotini. "Ulitazama?" La pili nalo likaenda.

"Nilimwona!" Sadala alilia. "Amelala! Nikasema moto ukishika ataamka, mtatoka wote, mnazidi kunichelewesha..."

Watu waliacha kupiga. Wengine walirudi nyuma. Hajira alilishusha jiwe mpaka chini, akachuchumaa karibu na uso wake, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Aliniita?"

Sadala alimtazama kwa jicho lililobaki. Nadhani wakati ule hakuwa tena na uwezo wa kudanganya.

"Aliita."

Hajira akalinyanyua jiwe kwa mikono miwili. Hakuna aliyemshika, nami sikumshika. Nilimpokonya Mzee Mwinjuma msahafu, nikaubana kifuani kwa mkono mzima, nikausogeza mbali usirukiwe na damu.