Hodi kwa Marehemu

Ripoti ya dawa zilizobaki stoo wafanyakazi walikwisha kuibandika jina: Bibi Harusi. Ukiiita asubuhi, bado anapambwa; ukiiulizia mchana, bado anapambwa. Na bila ripoti hiyo hakuna boksi linalotoka getini kwenda zahanati, hivyo madereva hushinda wakipiga soga.

Wakubwa nao wana mambo: mashine ikichelewa, hutafuta mtu. Mkurugenzi alimpata Mama Stoo, mwenye kuitoa ripoti hiyo kwenye kompyuta. Alitamka mbele za watu kwamba mama huyo amezeeka pamoja na programu yake, na kwamba leo ripoti isipotoka kabla ya chakula cha mchana, wote wawili wataondoka.

Ndipo Mama Stoo alipomeza kiburi, akampigia simu mke wa kaka yake, ambaye watu humwita Fundi. Huyo kwa programu kuukuu hakuwa na mpinzani, na alilijua hilo vizuri mno.

"Leo umenikumbuka, wifi," Fundi alisema akivuta kiti. "Kweli mchawi mpe mwana alee."

"Fanya kazi kwanza. Utanisimanga baadaye."

Waliomtangulia walikuwa wamefuta mafaili ya zamani, wakanunua hata kompyuta mpya, wapi! Fundi hakugusa kitu. Aliuliza tu, "Ilianza kuchelewa lini?"

"Tangu ofisi zilipopakwa rangi."

Madereva waliangua kicheko. Fundi hakucheka. Rangi haiingii kwenye kompyuta, lakini wapaka rangi wakija, vitu huhama. Akafungua mipangilio ya ripoti, akasoma taratibu, akatabasamu.

"Ile printa kubwa iko wapi?"

"Ilitupwa. Tunachapa kwa hii ndogo."

"Nyinyi mnajua imekufa. Ripoti haikupewa habari za msiba. Kila ukurasa inakwenda kwa ile kubwa kuuliza upana wa karatasi. Inapiga hodi, inangoja, hakuna wa kusema karibu. Ikichoka inaendelea, na ukurasa unaofuata inapiga hodi tena."

"Kumbe natukanwa kwa ajili ya marehemu," Mama Stoo alisema. Hasira ilimpanda hadi sauti ikakwaruza.

Fundi aliifuta printa ile kwenye mipangilio, akaielekeza ripoti kwa ile ndogo, akabonyeza. Karatasi zilianza kutoka kabla hajakaa vizuri kitini.

Mkurugenzi alipoingia, alizikuta zimejaa mezani. Alisikiliza maelezo, akakunja uso.

"Nani aliitupa printa bila kuuliza? Huyo ndiye wa kuondoka."

Madereva walitazama viatu vyao. Fundi, kwa mara ya kwanza, alimwogopea wifi yake.

"Ni wewe, mkubwa," Mama Stoo alisema, akiendelea kupanga karatasi. "Ulisema inaharibu sura ya ofisi yako. Mimi nilikushikia mlango."

Mkurugenzi alipapasa mfuko wa shati, akakosa kalamu. Mama Stoo alimpa yake, akamwonyesha pa kutia saini ili gari la kwanza liondoke.