Mafaili ya Shambani

Jenifer nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Alipofika kituoni kwetu Ifakara hakujua hata pa kubonyeza, na leo kila mtu ni Jenifer hivi, Jenifer vile. Wivu ulinishika, sikatai.

Tunatuma data za vinasaba vya mbu wa bonde zima kwenda kwenye kompyuta za wenzetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya. Mafaili ni makubwa, intaneti yetu ya kubembeleza. Miaka yote nilikuwa natuma kila faili mara tatu, kituo kimoja baada ya kingine, huku nikiomba umeme usikatike. Jenifer akaandika programu inayotuma mara moja tu, Dar, kisha Dar wenye mtandao wa uhakika wanawagawia wengine. Jambo dogo kiasi hicho! Kwa nini sikuliwaza mimi?

"Dada Vio, mwanafunzi kakupita!" Teofili wa maabara akanitania. Nilicheka kwa meno tu. Dokta Apolonia, mkurugenzi wetu, alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa angemtaja msimamizi mpya wa data. Cheo hicho nimekisubiri tangu Jenifer akiwa sekondari.

Jumatatu nikaona kosa. Mafaili yetu hupewa namba ya kaya ambako mbu walinaswa. Sasa, huku kwetu msimu wa mpunga ukifika, familia hufunga nyumba ya kijijini na kuhamia kibandani shambani, na mitego yetu huwafuata hukohuko. Nyumba mbili, namba ileile. Mimi nilikuwa nayatenga mafaili ya shambani kwa mkono. Programu ya Jenifer ikikuta namba iliyokwisha kutumwa, inairuka. Binti wa Morogoro mjini angejulia wapi? Mbu wote wa shambani walikuwa wamebaki hapa, na Dar hawana habari.

Nikanyamaza. Aanguke mwenyewe, mbele ya haohao wanaomsifu.

Ijumaa kikaoni nikasimama, nikaeleza yote kwa sauti ya upole. Jenifer akainamisha uso. Roho yangu ikasuuzika.

"Violeth," Dokta akauliza, "hili umelijua lini?"

Swali hilo sikulitegemea.

"Alishaniambia mapema, Dokta," Jenifer akadakia. "Mimi ndiye niliyezembea. Nisamehe, dada."

Sikuwa nimemwambia kitu, na alijua hivyo. Alinitazama mara moja, bila hasira, kisha akafungua kompyuta yake akaanza kuyatuma mafaili ya shambani.

Cheo nikapewa mimi. Watu wakanipongeza, Dokta akanipa mkono, nami macho yangu yalikuwa kwa yule binti, wivu umenijaa kuliko siku zote. Akili yake ningeweza kuiiga. Roho ile nitaitoa wapi?