Teleskopi Yenye Haitetemeke

Mwangaza ya Bukavu haifie mara moja. Inaanza kutoka mu ziwa, pole pole, sawa mugeni mwenye anaondoka bila kuaga. Kisha inapanda kilima, inashika mabati ya Kadutu, bati moja, bati ingine, bati ingine, na kule juu kabisa inasimama kidogo, inatuangalia, inaenda. Yeye iko na njia ya kutokea. Sisi, hapana.

Ile saa njo Papa Constantin alizoea kukaa ku mulango yake, mikono ku magoti, akipitisha mu kichwa vitu vyote vyenye vimefungwa na vita. Njia ya Uvira, imefungwa. Uwanja ya ndege, imefungwa. Banki, imefungwa. Saa kumi na mbili ya jioni kila mutu anaingiza mbuzi wake, anaingiza maneno yake, na mulango inafungwa. Na ndani, nyuma ya mulango, mizigo: yenyewe pia imefungwa, tangu miaka, ikingojea siku ya kukimbia.

Muangalie hii neno vizuri, wajukuu wangu. Funga. Unafunga mulango ili ubakie. Unafunga mizigo ili uende. Neno moja tu, na mutu iko katikati yake, haendi, habaki.

Huyu Constantin alikuwa shofere wa kamio, gari kubwa ya mizigo. Miaka makumi tatu na kitu aliteremuka na ile njia ya Kamanyola, kisha bonde, kisha Sange, na kule Sange, kama kamio ilimukatalia, alilala juu ya mifuko ya muhogo, uso juu. Wee! Mbingu ya Sange iko pana, haina kilima ya kuibana. Ya Bukavu iko kipande, sawa kitambaa chenye mushonaji alibakisha. Lakini ile kipande tu njo hakuna mwenye aliifunga. Akasema mu roho: kama chini wamenizuia, nitapita juu.

Akamuita Gisèle, mutoto wa dada yake, mwenye anavuka mupaka kila juma kwenda kuuza sambaza, ile samaki kidogo ya ziwa letu.

“Uniletee lineti ya kuona mbali.”

“Ndiyo, tonton.”

Na kweli akaleta lineti, miwani ya macho: vioo viwili, na kamba ya kutia ku shingo. Domitille, muke wa Constantin, akazivaa, akamuangalia bwana yake toka kichwa mpaka ndala.

“Kumbe njo hivi uko, Muzee? Miaka yote nilidanganywa!”

Tukacheka, hata jirani Emile akacheka ku upande ingine ya ukuta. Emile anafundisha fizika ku masomo. Akakuja na kalamu, akaandika ku kiganja ya Gisèle: te-le-sko-pi.

Juma yenye ilifuata, Gisèle akatuma picha ya teleskopi mbili mu telefone. Ya kwanza nyembamba, ndefu, ku miguu mitatu sawa korongo, na ku karto, sanduku yake, herufi nyekundu: inakuza mara mia tano! Ya pili fupi, nono, kinywa wazi sawa sufuria, imekaa ku kibao ya mviringo.

“Mara mia tano!” Constantin akasema.

“Papa Constantin, usioe karto,” Emile akajibu. “Ile ni ya kuvuta watu. Angalia kinywa. Mwangaza ya nyota iko sawa mvua: mwenye kuweka sufuria kubwa njo anakinga mingi. Na ile miguu mitatu, ukipumua tu, inacheza rumba.”

“Na ile fupi, uzito?”

“Sawa kuku mbili.”

“Inaingia mu kitunga ya mizigo?”

“Inaingia.”

“Basi, ile fupi.”

Domitille alikuwa anachambua maharagi. Mukono ikasimama.

“Muzee. Hata nyota, unazichagua za kukimbia nazo?”

Ilikuwa kweli. Mu ile nyumba kila kitu kilichaguliwa na ulizo moja: inabebeka? Sufuria nyepesi. Mukeka, hapana kitanda. Picha ya ndoa, bila kioo. Domitille alitaka kabati tangu akiwa muke kijana, kabati ya mbao nzito, na kila mara: ngoja kwanza, vita ipite. Vita ikapita, ingine ikakuja, ikapita, ingine. Watoto wakakomaa ku mukeka, wakaenda. Sasa magoti ya Domitille haikimbie tena. Alijua, na Constantin alijua, na mudomo ilifungwa: ile siku, mumoja atabeba kitunga, na mumoja atabaki akiangalia mugongo.

Teleskopi ikafika ndani ya ndoo, ikinuka sambaza. Jua ilipozama tu, mwezi ikiwa ingali changa, nyembamba sawa ukucha, wakaiweka ku kiti ya plastiki. Mwezi ikatetemeka. Wakaiweka ku meza. Ikatetemeka. Ku dumu ya maji, ikatetemeka.

“Hata mwezi iko na woga,” Domitille akasema, jicho ku kioo.

“Ni kitu nyepesi juu ya kitu nyepesi, Mama,” Emile akasema toka ku ukuta. “Inaomba kitu nzito chini yake.”

Hapo muchindo ya bunduki ikalia, mbali, nyuma ya kilima. Moja. Mbwa wakanyamaza. Emile akashuka ku ukuta. Kila mutu akashika pumzi yake sawa mutu anashika mutoto asilie.

Na mu ile kimya, sauti ya Domitille, chini:

“Muzee, funga.”

Mikono ya Constantin ilijua. Akaingia, akavuta kitunga, akakaza fundo ya kitenge, mara mbili, akatokea nayo ku bega. Muke wake alikuwa angali pale pale ku kiti, akipangusa kioo na pembe ya kikwembe chenye alivaa.

“Unaenda wapi?”

“Umesema funga.”

“Nimesema funga hii kitu! Ujenge nguzo hapa, katikati ya parseli yetu, mbele ya nyumba, ya mawe na sima ya kujengea, uifunge juu yake na bulo za chuma, ili nione mwezi mbele macho yangu haijafa. Nani amekuambia mizigo?”

“Na kama watafika?”

“Kama watafika, watanikuta ninaangalia. Mimi sina mahali ninaenda, Muzee. Wewe, bega ni yako.”

Constantin akasimama na ile kitunga. Njia zote zenye alipitisha kamio zikapita mu kichwa yake, moja moja, na ku mwisho wa kila moja hakumuona Domitille.

Asubuhi watu wakasikia jembe. Alichimba mpaka ku magoti. Akapanga mawe nyeusi, akamwaga sima, akasimamisha ndani bulo ine za kamio yake ya zamani. Wapita njia wakauliza, “Papa, unazika nini?” Akajibu, “Miguu yangu.”

Hakuna mutu anakimbia na nguzo.

Jioni ya tano, sima imekauka, akaweka kile kibao na teleskopi yake, akakaza, akakaza tena. Domitille akainama, Constantin akimushika ku kiwiko. Na mwezi ilikuwa pale: kubwa, nyeupe, na mashimo yake, na milima yake yenye haina mulinzi, imetulia sawa sahani ku meza ya watu wenye kushiba.

Mwangaza ilimukaa Domitille ku jicho, ikateleza ku kope, ikaanza kushuka ku shavu.

“Muzee! Inaenda! Iko inatoka ku pembeni ya kioo, angalia, inakimbia!”

“Sukuma kidogo kinywa, Mama, muifuate!” Emile akapiga kelele toka ku ukuta.

Constantin hakugusa kitu. Mukono yake ilibaki ku nguzo, ku ile baridi ya sima.

“Iache ikimbie,” akasema. “Sisi tuko hapa.”