Viatu Kwenye Chumba cha Hodhi

Mdogo wangu kazi nilimtafutia mimi. Nilimwingiza maabara, nikamwonyesha mpaka choo kilipo. Tenda wema nenda zako, wanasema. Niende wapi, na meza yake iko mbele yangu?

Tunatengeneza masikio ya chini ya bahari. Sikio linazamishwa kilindini na betri yake ndogo, na nyambizi ikipita linatoa taarifa. Shida ni hiyo betri, maana huko hakuna wa kwenda kuibadilisha. Kwa hiyo sikio linatakiwa kulala, liamke kwa nyambizi tu. Likiamka ovyo, betri inakwisha, umezamisha jiwe.

La kwangu nimelihangaikia miaka. Yeye kaja juzi na la kwake, linakula nusu ya umeme wa langu. Mkuu wa maabara akasema wazi: litakaloshinda jaribio ndilo litakalozamishwa, jingine litawekwa kabatini. Nilimwonea wivu, sifichi.

Langu lilitangulia kuingia kwenye hodhi la maji. Mkuu alipopiga mvumo wa nyambizi kwa spika, liliamka vizuri, taa yake ikawaka. Halafu mtu akavuta maji ya choo ghorofani, likaamka tena. Mdogo wangu akaziba mdomo asicheke. Nilimwona.

Sasa, chumba cha hodhi hakiingiwi na viatu. Sakafu inapeleka vishindo majini, kwa hiyo sote tunaingia peku, hata Mkuu na vidole vyake vile. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, nikasema nimesahau miwani mezani. Nilirudi nimevaa miwani, na viatu vya visigino miguuni.

Nikazunguka hodhi, ko, ko, ko.

"Viatu, mama," Mkuu akasema.

"Samahani, nina mawazo mengi."

Nikamaliza mzunguko wangu taratibu, nikikanyaga kwa nguvu. Taa ya sikio lake haikuwaka. Nikasimama karibu kabisa, nikagonga kisigino kama ninayeua mende. Halikutikisika. Mkuu akapiga mvumo wa nyambizi, mdogo kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuusikia, na taa ikawaka hapo hapo.

"Umefanyaje?" Mkuu akamuuliza.

"Nililifundisha kelele za kupuuza," mdogo wangu akajibu. "Mvua, samaki, injini za meli. Kisha nikataka na vishindo vya karibu, nikatumia hatua za dada. Kila nikifanya kazi humu alikuwa anapitapita koridoni, basi zake ndizo nilizokuwa nazo nyingi."

Hakusema kwa ubaya. Uso wake haukuwa na kejeli yoyote, na hilo ndilo lililonichoma. Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta.

Sikio langu liko kabatini. La kwake linashuka wiki ijayo, na humo ndani hatua zangu zimo, pamoja na mvua na samaki, katika mambo yasiyofaa kuamkiwa. Siku ile, baada ya jaribio, nilivua viatu nikavishika mkononi.

"Dada," akaniita, "uje tulifunge pamoja. Mimi skrubu zile ndogo zinanishinda."

Nikaenda. Nani mwingine angemfungia?