Miwani ya Wobbe

Daktari wa familia aliwageuzia Wobbe na mkewe kompyuta yake. Kwenye kioo kulikuwa na michoro ya vichwa mia vya watu, vitano vyekundu.

"Moyo wako unadunda ovyo, bwana Hoekema. Kati ya watu mia kama wewe, watano hupata kiharusi kila mwaka. Wakimeza dawa ya kuzuia damu kuganda, wanaokipata wanabaki wawili, ila kuna wanaovuja damu. Yote yamo humu." Akamsogezea kijitabu. "Siamui peke yangu, tunaamua pamoja. Wewe unataka nini?"

Wobbe alipapasa mfuko wa shati. "Nimesahau miwani. Nitasoma nyumbani."

Miwani ilikuwa mkobani mwa Jeltje, mkewe. Ilikaa humo miaka arobaini, kila walipokwenda benki, manispaa au shuleni kwa watoto, kwa sababu Wobbe hakuweza kusoma zaidi ya jina lake. Jeltje alijua na alinyamaza.

Walirudi kwa baiskeli, upepo usoni.

"Umeamua nini?"

"Simezi. Tisini na tano ni wazima."

"Kule zizini ungepoteza ng'ombe watano kati ya mia kila mwaka, ungekunywa kahawa umetulia?"

"Mimi si ng'ombe, mama." Akacheka. "Halafu ingekuwa lazima angeniandikia tu, kama yule daktari mzee aliyemtangulia. Daktari akikuuliza unataka nini, ujue huumwi."

Namba ya daktari ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Jeltje aliipita kila asubuhi akichukua maziwa. Hakupiga.

Machi Wobbe alianguka kando ya banda la kuku. Katika faili lake kwa daktari Jeltje alikuta mstari mmoja: mgonjwa ameelezwa, ameelewa, amechagua mwenyewe.

Sasa, kwenye kituo cha mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, muuguzi kijana alimwekea Wobbe karatasi na kalamu.

"Hapa unaandika malengo yako, bwana Hoekema. Sisi tunakufuata wewe."

Mkono wa kushoto, uliobaki mzima, ulipanda ukapapasa mfuko wa shati. Mdomo ulipinda, neno halikutoka. Akamtazama Jeltje ili amsemee kuwa amesahau miwani.

"Hajui kusoma," Jeltje alisema. "Hajawahi kujua. Acheni karatasi, mwambieni la kufanya."

"Mbona hamkutuambia mapema?"

Jeltje alitoa miwani mkobani akaiweka mezani. Haikuwa na hata alama ya kidole. Wobbe aligeukia ukuta, na hakumtazama tena mpaka saa ya wageni ikaisha.