Simba wa Mwenyekiti

Fundi rangi alikuja na brashi na ndoo ya rangi ya majivu, akamkuta Mama Kipaza amejibanza mlangoni kama kufuli.

"Huu haupakwi," alisema mama. "Nani kakutuma?"

"Kamati, mama."

"Kamati ina miguu? Ina pua? Nitajie mtu."

Fundi alikuna shingo. "Mama yangu, usinikasirikie. Huko nilikopita wote wanasema ni wewe."

Mama Kipaza akarudi nyuma hatua moja. Wanaomjua watakwambia hilo halikuwa la kawaida.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtaa ule ulikuwa na ukuta mrefu, geti moja, na nyumba za ramani moja, varanda kwa varanda, kama zimetolewa kwenye kalibu ya matofali. Mwenyekiti wa wenye nyumba, ili ajulikane ni mwenyekiti, alikuwa ameweka mlango wa mbao nzito uliochongwa simba wawili, midomo wazi. Sasa Mama Kipaza ni mtu aliyeongoza mgomo kiwanda cha magunia na mimba ya miezi saba tumboni, na mpaka leo anamkumbuka kwa sura msimamizi aliyewanyang'anya viti wakashona wamesimama. Alikuwa hawezi kupita mbele ya simba wale bila damu kumchemka. Wanamngurumia nani? Walinzi pale getini wanalowa mvua hawana hata kibanda, bwana mkubwa anafuga simba!

Kwenye mkutano mkuu alisimama akanguruma kuliko wao. Asiwepo mtu wa kuwakoga wenzake kwa mlango. Milango yote iwe ya namna moja, rangi moja! Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Kuna walioapa baadaye kwamba walidhani wanapigia kura taa za barabarani. Mwenyekiti naye alinyoosha, maana angefanyaje? Mama Kipaza alirudi nyumbani siku ile anaimba.

Wiki iliyopita simba walishushwa. Wiki hii brashi imefika kwake.

Na mlango wake ulikuwa wa kijani, kijani cha kuumiza macho. Aliupaka mwenyewe kwa ajili ya mumewe. Mzee alikuwa fundi mitambo zamani, na siku hizi akili yake inatoka na kurudi inapojisikia. Asubuhi atakueleza gia ya mashine iliyokwisha kuwa chuma chakavu. Mchana atauliza kama marehemu mama yake amekula. Lakini kila alasiri alichukua fimbo yake, akauzunguka mtaa peke yake kama mwanamume na akili zake, akarudi kwenye kijani. Ndicho kitu alichobaki nacho. Binti yao alikwisha sema: "Mama, baba akipotea hata mara moja, nakuja kumchukua. Akae kwangu ndani, mambo ya kutembeatembea basi." Kwake ni ghorofani juu, na lifti haifanyi kazi.

"Usiguse," Mama Kipaza alimwambia fundi. "Nakwenda kuongea nao."

Alimkuta mwenyekiti varandani kwake, amekaa karibu na mlango mpya wa rangi ya majivu. Ule wa zamani ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefunikwa turubai.

"Karibu, Kipaza. Umekuja kuona kazi yako? Jana nimehangaika na ufunguo mpaka nikautukana, kumbe niko kwa jirani. Mkewe kanifungulia na taulo."

"Nina ombi."

"Wewe? Ombi?" Mwenyekiti aliita ndani: "Mke wangu, njoo usikie!"

Mama Kipaza akamweleza habari ya mzee. Mwenyekiti alisikiliza bila kucheka, na hilo likamchanganya mama zaidi, maana alikuwa amejiandaa kwa kicheko.

"Nikikuachia wewe, wengine nitawaambia nini? Hoja ni yako, mama. Simama mkutanoni uifute kwa mdomo wako ulioileta. Kijani kibaki, na simba wangu warudi."

"Ahaa! Kumbe bado unawataka!"

"Nawapenda. Ni kosa?"

Mama Kipaza aliondoka bila kuaga. Akaenda kwa katibu. Katibu akasema ni uamuzi wa mwenyekiti. Mweka hazina akasema si mwenyekiti, ni mkutano mkuu. "Mkutano mkuu ni nani?" "Ni sisi sote, mama. Na wewe umo." Kule kiwandani bwana alikuwa na dirisha lake juu, unaelekeza sauti huko, basi. Hapa kila alikoonyesha kidole alimkuta jirani aliyemwazima ngazi, na nyuma ya jirani alijikuta mwenyewe. Sasa agombane na nani?

Kurudi, aliipita nyumba yake mwenyewe. Alirudi nyuma, akaangalia: majivu, majivu, majivu. Alimtambua fundi tu, ameinama anaosha brashi.

"Si nilikwambia usiguse!"

"Mzee kaniruhusu, mama. Kasema, paka mwanangu, usikae bure. Kisha akachukua fimbo akatoka."

Alisubiri kidogo mlangoni. Wiki nzima hii mzee alikuwa anachelewa kurudi, na mama akadhani ni magoti. Jua likaanza kulegea. Akatoka mbio na ndala zake.

Nyumba ya kwanza walisema alijaribu kitasa chao wakamwelekeza. Ya pili wakasema aliwasalimu vizuri, akauliza kwa nini wamehamia kwake. Getini walinzi hawakumwona akitoka. Alizunguka kona ya mwisho, binti yake anamsemesha kichwani.

Mzee alikuwa varandani kwa mwenyekiti. Turubai lilikuwa chini. Alikuwa amekaa kitini, kiganja chake juu ya kichwa cha simba, na mwenyekiti amechuchumaa kando anamshikia kikombe cha maji.

"Umechelewa," mzee alimwambia mkewe. "Nimekungoja hapa ninapopajua."

"Unapajuaje?"

"Siku zote naenda mpaka kwa simba, nakata kushoto, nakuta kijani." Aliangalia barabara, macho yanahangaika. "Wiki hii simba hawakuwepo. Nikawa nabahatisha."

Mama Kipaza alishika nguzo ya varanda. Miaka yote hiyo amewatukana wanyama hawa, kumbe ndio waliokuwa wakimletea mumewe nyumbani.

"Simba warudi," alisema.

"Unasemaje, mama?" mwenyekiti aliuliza, na kwa kweli hakuwa anamdhihaki. Sauti ya mama ilikuwa ndogo mno.

"Nasema warudi! Mkutanoni nitasema. Lakini kibanda cha walinzi sijakisahau, usidhani."

"Hujawahi kusahau kitu, Kipaza."

Mzee alikuwa akipapasa sikio la mbao kwa kidole gumba, akilikagua kama chuma cha mashine. "Lakini nani aliwatoa?" aliuliza. "Mtu mwenye akili timamu anatoaje kitu kama hiki?"

Mama Kipaza alisubiri kutajwa. Mwenyekiti alimtazama, akaitazama ndala moja ya mama iliyokatika mkanda, kisha akamgeukia mzee.

"Kamati, mzee wangu," alisema. "Ni kamati."